Chavua ya Mahindi Haingoji: Jinsi ya Kulinda Mbegu Yako ya Kienyeji



Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na kikundi cha akina mama katika sehemu kavu ya Ukambani. Nilidhani wananiita kwa mambo ya mkopo, kwa maana ndiyo kazi tuliyokuwa tukifanya nao wakati huo. Kumbe hapana. Nyanya mmoja, mkubwa kuliko wote, alinyanyuka akaniletea ungo wenye mahindi matano. Mahindi hayo yalikuwa meupe, lakini kila moja lilikuwa na punje za njano hapa na pale, kama meno ya mtu aliyekunywa maji ya chumvi.

"Mwanangu," akaniambia, "mbegu hii nilipewa na mama mkwe nilipoolewa. Sijawahi kuona njano ndani yake. Ni nani ameniharibia?"

Nikamwambia, "Susu, hakuna aliyekuharibia. Ni upepo."

Jibu lile lilikuwa kweli, lakini halikumsaidia. Tulikaa misimu miwili na kikundi hicho kutafuta jibu la kumsaidia, na msimu wa kwanza tulishindwa kabisa kwa sababu ya kosa langu mimi. Haya ninayoandika ni yale tuliyojifunza pamoja, nikiongeza na yale niliyoelezwa na watu wa kilimo.

Mume na mke katika mmea mmoja

Kila mtu anajua mpapai dume na mpapai jike. Dume halizai, lakini lisipokuwepo karibu, jike halipati matunda ya kutosha. Mahindi hayako hivyo. Mmea mmoja wa mahindi una mume na mke, ila wanakaa mbali. Mume ni lile ua la juu, mbelewele. Mke ni hindi changa lililo ubavuni, na zile ndevu zinazotokea kwenye ncha yake.

Kila unywele mmoja wa ndevu umeunganishwa na punje moja. Hindi lenye punje 400 lilikuwa na nywele 400, na kila unywele ulipata chembe yake ya vumbi la njano kutoka kwa mbelewele. Vumbi hilo ndilo tunaloita chavua. Unywele ukikosa chavua, mahali pale panabaki pengo. Yakikosa mengi, hindi linakuwa kibogoyo.

Mbelewele moja inatoa chembe mamilioni. Kwa hiyo shida si wingi. Shida ni mbili. Ya kwanza, upepo hauulizi chavua imetoka shamba la nani. Ya pili, chavua ya mahindi ina maisha mafupi sana.

Punje za njano za Susu zilitoka wapi?

Jirani yake alikuwa amepanda mahindi ya njano aliyoyapata wakati wa chakula cha msaada. Chavua ya njano ilipoangukia ndevu za mahindi meupe, punje zikageuka njano msimu huo huo. Rangi ya njano ina nguvu juu ya nyeupe, kwa hiyo haijifichi.

Sasa fikiria hatari iliyo kubwa zaidi. Kama jirani angepanda haibridi nyeupe, Susu asingeona kitu. Mahindi yangeonekana safi kwenye ungo, angeyaweka mbegu, na msimu wa pili angeshangaa mimea mingine ni mirefu, mingine inachelewa kutoa ua, na mvua inaisha kabla haijakomaa. Kwa hiyo ukiona punje za rangi ngeni, usikasirike. Zinakuonyesha kwamba chavua ya nje inaingia, na kwamba ile usiyoiona huenda inaingia pia.

Simaanishi kwamba chavua ya nje ni mbaya siku zote. Huko Kitale mwaka 1964 walitoa H611, mbegu iliyotokana na kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, na nguvu yake ilibadilisha kilimo cha nyanda za juu. Lakini hapo watu walichagua baba na mama kwa makusudi. Kuchagua ni jambo moja, kuchaguliwa na upepo ni jingine.

Tena, mbegu ya haibridi ya duka haifai kurudiwa. Ukiirudia, nguvu yake inashuka na mimea inakuwa ya aina aina. Ninayoeleza hapa ni kwa mahindi ya kienyeji, ambayo wengi wetu tunayaita kinyanya, na kwa mbegu kama Katumani, ambazo mkulima anaweza kuziweka mwenyewe akizitunza.

Njia rahisi, na kwa nini huku kwetu ni ngumu

Watu wa kilimo watakuambia utenge mbegu yako kwa umbali, mita 200 au zaidi kutoka kwa mahindi mengine. Chavua nyingi huanguka karibu na mmea wake, lakini kidogo husafiri na upepo. Au watakuambia utenge kwa wakati, upande wiki tatu au nne kabla au baada ya jirani, ili maua yasikutane.

Kama unamwagilia maji kando ya mto, njia ya wakati ni nzuri sana, itumie. Lakini sisi tunaotegemea mvua ya Oktoba, nani atangoje wiki nne? Atakayengoja atavuna mabua. Na mashamba yetu yamegawanywa kwa watoto hadi mita 200 zinapita nyumba tatu. Ndiyo sababu tukaamua kuchavusha kwa mkono.

Kosa letu la kwanza

Msimu ule wa kwanza tulifunika mahindi machanga vizuri kabisa. Ilikuwa siku ya mazishi katika kijiji. Akina mama wakasema, "Tukusanye chavua asubuhi, tuiweke, kesho tutaimwaga kwenye ndevu." Nikasema sawa. Tukaijaza katika mkebe wa plastiki wa mafuta ya kupikia, tukafunga kifuniko, nikauweka juu ya kabati. Nilijiona nimefanya kazi safi.

Kesho yake tulikuta chavua imeshikana mabonge kama unga ulioingia maji. Hata hivyo tuliimwaga. Tulipovuna, mahindi 40 tuliyoyafanya siku ile hayakuwa na punje za kujaza kiganja. Susu hakusema kitu. Alichukua magunzi akaenda kuyawasha jikoni. Ningependelea angenigombeza.

Kwa nini chavua ilikufa?

Chavua ya mahindi inapotoka kwenye mbelewele ina maji mengi ndani yake, zaidi ya nusu ya uzito wake. Ikipigwa na jua na upepo mkavu inapoteza maji hayo na kufa. Siku ya joto kali, hasa likifika nyuzi 35 na hewa ikiwa kavu, inaweza kufa kwa saa moja au mbili, na wakati mwingine mapema kuliko hapo. Siku ya baridi na mawingu inaweza kuishi saa nyingi zaidi, pengine hadi siku moja.

Sasa mtu atasema, basi tuifungie isikauke. Ndivyo nilivyofikiri mimi. Lakini ndani ya mkebe uliofungwa unyevu wake wenyewe unatoka na kuganda kwenye kuta, na chavua inayoguswa na maji inapasuka au kushikana. Ikikauka inakufa, ikilowa inakufa.

Si mimea yote iko hivyo. Chavua ya mtende hukaushwa na kuwekwa, na wakulima wa tende huitumia hata msimu unaofuata. Lakini chavua ya mahindi na ndugu zake wa jamii ya nyasi haivumilii kukauka. Hata kwenye friji haidumu zaidi ya siku chache, na inaendelea kudhoofika. Wataalamu wa Hungary walionyesha mwaka 1976 kwamba inaweza kuwekwa muda mrefu ikikaushwa kwa kipimo na kutiwa katika naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hiyo si kazi ya nyumbani.

Basi sheria yetu ikawa hii: chavua ya leo asubuhi itumike leo asubuhi. Kilicho na subira ni ndevu. Hizo zinaweza kupokea chavua kwa siku kama kumi, ingawa siku nne au tano za kwanza ndizo bora. Kukiwa na mazishi, ngojeni na ndevu zilizofunikwa. Msiihifadhi chavua.

Kupata chavua nyingi na yenye nguvu

Chavua nzuri huanza kabla ya ua kuonekana. Haya yazingatieni:

1. Maji. Wiki mbili kabla ya maua na wiki mbili baada yake ndio wakati mahindi hayavumilii kiu. Kama una madebe machache tu ya maji, yaweke wakati huo, kwenye mistari ya mbegu. Ukame unapokuja, mbelewele mara nyingi hutoka kwa wakati wake lakini ndevu zinachelewa. Zikichelewa wiki nzima, mume ameshamaliza kazi na mke ndio anafika.

2. Chakula. Weka samadi wakati wa kulima, na ukiweza mbolea ya kukuzia mahindi yakifika magotini. Mmea wa rangi ya njano na mwembamba una mbelewele maskini.

3. Wadudu. Tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia Kenya mwaka 2017, tumeona vikila mbelewele kabla haijafunguka, na ndevu pia. Kagua kila siku ya pili, viondoe kwa mkono.

4. Panda mara mbili. Mbelewele moja hutoa chavua siku tano hadi nane hivi, na nyingi hutoka siku ya pili hadi ya nne. Panda mistari miwili zaidi siku tano hadi saba baada ya ile ya kwanza. Ndevu zilizochelewa zitapata baba hapo. Na kama unataka kuchanganya kinyanya na Katumani, Katumani hutoa ua mapema, baada ya siku 60 hivi. Kwa hiyo kinyanya ipandwe kwanza.

5. Ng'oa wasiofaa. Mmea dhaifu, wenye ugonjwa, au wa sura ngeni, kata mbelewele yake kabla haijafunguka. Majani yenye michirizi ya njano na kukauka kutoka kingoni ni ya kuogopa, maana ugonjwa wa mahindi ulioonekana Bomet mwaka 2011 unaweza kupita hata katika mbegu. Mmea kama huo ung'oe wote.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Vifaa ni vya kawaida: bahasha ndogo za kaki, pakiti za karatasi za unga wa kilo mbili, klipu za karatasi, kisu kikali, kichujio cha chai na penseli. Pakiti za unga zikung'uteni na kuzipangusa vizuri, kisha mzianike. Unga ukibaki ndani unachanganyika na chavua. Msitumie plastiki popote, kwa sababu inatoa jasho.

Hatua ya kwanza. Funika hindi changa kwa bahasha ya kaki kabla ndevu hazijachungulia. Ukiona hata unywele mmoja nje, umechelewa, liache hilo liwe la kula. Pita shambani kila asubuhi.

Hatua ya pili. Ndevu zikianza kutokea ndani ya bahasha, kata ncha ya hindi kidogo kwa kisu, kama upana wa kidole, kisha funika tena mara moja. Kesho yake zitakuwa zimeota sawasawa kama brashi. Fanya kazi hii alasiri, wakati chavua hewani ni kidogo.

Hatua ya tatu. Alasiri hiyo hiyo, chagua mimea 20 mizuri ambayo mbelewele zake zimeanza kutoa vumbi. Zifunike kwa pakiti za unga na kuzibana chini kwa klipu. Chavua ngeni iliyokuwa imetua juu yake itakufa usiku huo. Ya kesho itakuwa ya mmea wenyewe.

Hatua ya nne. Asubuhi ngoja umande ukauke. Kwetu ni kati ya saa tatu na saa tano. Inamisha mmea taratibu, piga pakiti kwa kidole, kisha uitoe ikiwa imeinama ili vumbi lisimwagike. Mimina chavua ya mimea yote 20 katika pakiti moja, ichuje kwa kichujio ili vifuko vitupu na wadudu vitoke, kisha ichanganye. Chavua hai ni ya njano, inatiririka kama unga mkavu. Ikishikana au ikiwa imegeuka rangi na kuwa nzito, itupe.

Hatua ya tano. Kaa kivulini na pakiti yako, usiiweke juani hata dakika chache. Fungua hindi, nyunyiza kama kijiko kidogo cha chai kisichojaa, funika upesi. Watu wawili wafanye pamoja, mmoja afungue na mwingine amwage. Ikifika saa sita na chavua imebaki, imwage chini, kazi imekwisha. Andika tarehe juu ya bahasha kwa penseli, maana wino hufutika kwa mvua.

Mvua ikinyesha asubuhi hiyo, acheni hadi kesho.

Msiwe na baba mmoja

Hapa wengi hukosea. Mtu anachagua mahindi matano makubwa kuliko yote na kusema, hii ndiyo mbegu yangu. Ni kama mfugaji anayeacha jogoo mmoja apande mabinti zake na wajukuu zake. Baada ya misimu michache kuku ni vidogo na wagonjwa. Mahindi ni hivyo hivyo, tena kwa haraka. Ukichukua mbegu kutoka mimea michache, yanarudi nyuma: yanakuwa mafupi, dhaifu na yenye mahindi madogo.

Kwa hiyo tafuteni mbegu kutoka mimea isiyopungua 100, na ikiwezekana 200. Ndiyo maana chavua ya mimea 20 inachanganywa, na kila siku mnachukua mimea 20 mingine. Na mmea uliotoa chavua leo usiwekewe chavua leo. Ngojeni kesho. Kwa mtu mmoja hesabu hii ni nzito. Kwa kikundi si nzito. Akina mama 15, kila mmoja akiwa na mahindi manane, tayari ni 120, kwa asubuhi tano au sita.

Utajuaje kama imeshika?

Msingoje mavuno kama tulivyongoja sisi. Toa mahindi mawili kafara. Siku tatu au nne baada ya kumwaga chavua, yamenye taratibu bila kuvuta ndevu, kisha yainamishe na kuyatikisa. Unywele uliopata chavua hai unaachia punje na kuanguka wenyewe. Uliokosa unabaki umeshikilia. Zikianguka nyingi, shukuru. Zikibaki, bado kuna siku chache za kurudia kwa yale mengine, ndevu zikiwa mbichi.

Wakati wa kuvuna, chagua mahindi yaliyotoka mimea iliyosimama vizuri, si ile ya pembeni iliyopata nafasi kubwa. Toa punje za ncha na za mwisho, chukua za katikati. Kausha hadi punje ivunjike kwa sauti unapoiuma. Changanya punje za mahindi yote, kiasi sawa kutoka kila hindi. Kisha weka mahali pakavu, katika chombo kinachofungwa kisipitishe hewa, dumuzi asiingie. Mbegu, tofauti na chavua, ikikauka vizuri inangoja.

Msimu wa pili

Msimu wa pili tulifanya hivi nilivyoeleza. Mvua ilikuwa kidogo, na kati ya mahindi 120 tuliyofunika, 31 yaliharibika: mengine panya, mengine bahasha zililowa. Yaliyobaki hayakuwa yamejaa kabisa, kwa maana kazi ya mkono haishindi upepo kwa wingi. Lakini yalikuwa na punje, na hakukuwa na ya njano hata moja.

Tulipata mbegu kiasi baada ya kuchambua. Kila mama alipewa fungu lake, na nyingine zikawekwa kwa Susu kama akiba ya kikundi. Yeye alizimwaga kwenye ungo kwanza, akazichambua tena zote, punje kwa punje, ingawa sisi tulikuwa tumemaliza kuzichambua. Kisha akaniuliza mwaka ujao tutaanza kufunika tarehe ngapi.

Kwa kikundi kinachotaka kujaribu, anzeni na mistari minne tu katika shamba la mmoja wenu. Kusanyeni pakiti za unga kuanzia sasa. Mgawane siku za kukagua mapema, kabla ya mvua, kwa sababu mahindi yakishaanza kutoa ua hakuna nafasi ya kuitisha mkutano.